Mwaka wa kwanza na kisukari aina ya pili: niliyokosea na niliyoyaelewa nimeshachelewa

Fundi Saa (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Uzi huu nimeuandika nikaufuta mara tatu. Nilipoambiwa nina kisukari nilikesha nikimtafuta mtu mmoja tu aliyepita njia hii anieleze siku ya pili inakuwaje, maana siku ya kwanza daktari anaieleza vizuri. Nikaambulia orodha za vyakula vya kuepuka na wauza dawa. Leo nina miezi kumi na minne. Sijawa mtaalamu, ila nina daftari, na daftari lenyewe lina kisa chake. Wanaojua zaidi wanisahihishe humuhumu.

Sikwenda kupima sukari, nilikwenda kupima macho. Herufi za simu zilikuwa zinaogelea, nikajua ni umri. Aliyenipima akaanza kuniuliza mambo yasiyohusu macho. Naamka usiku mara ngapi kukojoa? Nakunywa maji kiasi gani? Nimepungua? Nikamjibu kwa fahari kwamba nimepungua kilo saba bila hata kujinyima, kila mtu ananisifia. Yeye hakunisifia. Akaniandikia karatasi nikapime damu.

Sukari ya kufunga ikasoma 11.4. Ikarudiwa siku nyingine pamoja na kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, kikaja 9.8%. Kwa asiyejua: ya kufunga kuanzia 7.0 ni kisukari, na HbA1c kuanzia 6.5%. Kwa hiyo hapakuwa na mjadala wa "labda mashine imekosea".

Kosa langu la kwanza ni dogo lakini linauma mfukoni. Nilitengeneza miwani wiki ileile. Sukari ikikaa juu, lenzi ya jicho huvuta maji na kubadilika umbo, ndiyo maana unaona ukungu. Sukari ikishuka, lenzi nayo hurudi taratibu. Baada ya wiki sita za dawa miwani mipya ikawa inanipa kizunguzungu. Subirini sukari itulie wiki kadhaa ndipo mpimwe miwani. Yangu iko kwenye droo, haimfai mtu yeyote.

Kosa la pili ndilo lililonifanya niandike. Mwezi wa kwanza niliuvamia ugonjwa kama mtu anayezima moto. Nikafuta wanga wote. Nikawa naamka alfajiri kutembea saa nzima. Nikapima mara saba kwa siku, vidole vikawa kama vya mwanafunzi wa cherehani. Namba ikiwa nzuri najipongeza, ikiwa mbaya najinunia hadi jioni. Kisha ikaja asubuhi moja. Usiku wake nilikuwa nimekula mboga na kipande cha samaki, basi. Nimelala na 7.9, naamka na 10.2.

Niliitazama ile mashine kama mtu aliyesingiziwa wizi. Nikaitia kwenye droo, palepale penye miwani. Sikuigusa miezi minne.

Lakini kliniki walitaka daftari la vipimo. Sasa hapa niseme ukweli kwa kuwa hakuna anayenijua: nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari nikajaza wiki sita za namba za uongo. Nilikuwa na kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, nikawa nazipokezana ili zionekane zimeandikwa siku tofauti. 6.8, 7.1, 6.5. Mara mojamoja natupia 9 ili nisitiliwe shaka. Mtu mzima, mwenye watoto.

Daktari akalifungua, akalipitia, kisha akatoa majibu ya HbA1c: 9.1%. Akaviweka vyote viwili mezani sambamba. "Hivi viwili havijuani," akasema. Hakufoka. Aliuliza tu, "Hili daftari unamwandikia nani?"

Sikuwa na jibu. Akanifafanulia mambo ambayo laiti ningeyajua mapema ningejiokoa. HbA1c haihongeki. Sukari iliyomo kwenye damu hujishikiza kwenye hemoglobini ya chembe nyekundu, na chembe hizo huishi takriban siku 120, kwa hiyo kipimo kinabeba kumbukumbu ya miezi miwili mitatu iliyopita. Kujinyima siku tatu kabla ya kliniki ni kujisumbua. Na ile 10.2 ya asubuhi? Samaki wa watu hakuhusika. Ilitoka kwenye ini. Kuelekea alfajiri homoni kama kotisoli huuandaa mwili kuamka, ini likamwaga sukari. Kwa asiye na kisukari insulini inaidaka palepale. Kwetu haitoshi au haifanyi kazi inavyopasa. Miezi minne nilikuwa nimejinunia kwa kosa la ini.

Tangu siku hiyo napima kwa jozi. Nachagua mlo mmoja nakaa nao wiki nzima. Napima kabla ya tonge la kwanza, halafu saa mbili baada ya tonge hilo. Ninachokitafuta ni umbali kati ya namba hizo mbili. Kesho yake nabadilisha kitu kimoja tu, vingine vyote vinabaki. Stripu (vile vijikaratasi vya kupimia vya mashine) mbili kwa siku, na kuna siku sipimi kabisa.

Nilianza na kifungua kinywa. Vipande vitatu vya mkate mweupe na chai isiyo na sukari, chakula nilichodhani ni cha mgonjwa mtiifu: 7.1 ikaenda 12.6. Kipande kimoja na mayai mawili, chai ileile: 7.3 ikaenda 9.0. Nikakaa nikazitazama namba hizo muda mrefu. Miezi yote nilikuwa nimekomaa na chakula cha usiku wakati mwizi anaingia asubuhi.

Usiku nikahamia kwenye wali. Sahani ileile, nikianza na mboga na maharage nikamalizia na wali, sukari haipandi kama nikianza na wali. Nikiongeza matembezi ya dakika kumi na tano mara tu baada ya kula, kupanda kunapungua zaidi. Watoto wanasema baba anakula kinyumenyume.

HbA1c ya mwisho ni 6.9%. Metformini, dawa yangu ya sukari, bado nameza, wiki mbovu bado zipo, na kalamu nyeusi nimeigawa. Karibuni tupeane uzoefu.

Kambi Popote

Nimeweka kambi hapa.

Mama Mapacha

Mkuu, hiyo ya kalamu mbili nimecheka hadi mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Nikamsomea. Akanyamaza, akarudi zake chumbani. Sasa nimejua jambo kuhusu daftari lake, ahsante sana.

Mimi si mgonjwa, ni mke wa mgonjwa, na sisi pia tuna makosa yetu. Mwaka wake wa kwanza nilikuwa polisi wa sahani. "Na hicho utakula?" mbele ya wageni. Nikawa nampikia chakula chake kwenye sufuria yake, kama mtu aliyetengwa. Siku moja nimekaa kiti cha mbele kwenye gari, mguu ukagusa kitu kinachakacha. Karatasi za biskuti. Zilikuwa zimekunjwa vizuri, moja juu ya nyingine, zikasukumwa chini ya kiti. Nilitaka kupiga kelele. Halafu nikaona kule kukunja. Mtu anakunja hivyo akiwa anaona aibu, na aibu hiyo niliipika mimi.

Siku hizi sufuria ni moja. Nusu ya sahani mboga, robo wanga, robo maharage au nyama au samaki, kwa wote mpaka watoto. Anayetaka wali zaidi anajipakulia mwenyewe nami simwangalii. Nimebaki na swali moja tu: "Leo nikusaidie nini?" Mara nyingi hakuna. Mara nyingine anasema tukatembee.

Mizizi Halisi

Mnajitesa bure wakuu. Hizo kemikali za hospitali ndizo zinaua figo. Kuna unga wa mizizi, siku 21 kisukari kwisha kabisa, unarudi kula chochote. Aliye tayari aje faragha.

Nesi Mstaafu

Mwanangu wa unga, hebu kaa hapo kwanza.

Nimezeeka wodini. Wagonjwa wa kisukari walioletwa figo zimekufa, sukari na presha zilizoachwa juu miaka mingi ndizo zilizowafikisha pale. Ni kweli kwamba figo zikishuka sana tunapunguza metformini au tunaisimamisha, na ndiyo sababu ya kupima kreatinini na mkojo angalau mara moja kwa mwaka. Hilo ni tofauti kabisa na kusema dawa ndiyo iliyoziharibu. Na unga wa aina hiyo umewahi kukutwa umechanganywa kimyakimya na glibenklamidi, dawa ya hospitali ileile unayoitukana. Mgonjwa anaona sukari inashuka, anasifu mizizi, siku ya siku inashuka mpaka anazimia, na anayempokea hajui kameza nini.

Ila kiu ya kupona ni ya haki, na mleta uzi hakuligusa, kwa hiyo niliseme. Kuna kupona na kuna kupoa. Mwaka 2021 wataalamu walikubaliana kwamba HbA1c ikikaa chini ya 6.5% kwa angalau miezi mitatu bila dawa yoyote ya sukari, basi kisukari kimepoa. Uingereza walifanya utafiti uitwao DiRECT, ukiongozwa na Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow, matokeo ya kwanza yakatoka mwishoni mwa 2017. Waliwachukua watu wenye uzito mkubwa, waliogundulika ndani ya miaka sita, wasiotumia insulini. Wakawaweka kwenye mlo wa takriban kalori 850 kwa siku, miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, 46% kisukari kilikuwa kimepoa. Kwa waliopunguza kilo 15 na zaidi, 86%. Baada ya miaka miwili waliokuwa bado hivyo ni 36%. Soma namba zote tatu, maana wauzaji wa miujiza husoma moja ya katikati tu.

Maelezo ya Taylor ni kwamba mafuta yaliyojazana kwenye ini na kongosho yakipungua, viungo hivyo hurudi kazini. Uzito ukirudi, sukari nayo inagonga hodi. Tafadhali asijaribu mtu peke yake nyumbani, hasa anayetumia glibenklamidi, gliklazidi au insulini. Chakula kikishuka ghafla na dozi ikabaki palepale, utaanguka. Na wapo wembamba wenye kisukari aina ya pili vilevile, msiwasumbue na habari za kilo.

Mizizi Halisi

Sawa bibi. Nilikuwa natoa mchango wangu tu.

Mlinzi wa Zamu

Wakuu mimi naingia kazini saa nne usiku natoka alfajiri. Dawa zimeandikwa asubuhi na jioni. Asubuhi yangu ni ipi? Halafu metformini inanivuruga tumbo, linanguruma kama pikipiki mbovu, sasa wiki ya pili sijaimeza. Nabaki na ile nyingine ndogo tu.

Fundi Saa (mleta uzi)

Kaka, hiyo ya tumbo nimeipitia. Nilikuwa nameza tumbo likiwa tupu, na dozi kubwa tangu siku ya kwanza. Daktari akanirudisha miligramu 500 mara moja kwa siku, katikati ya chakula, akawa anaongeza wiki baada ya wiki. Likatulia. Ipo pia ile inayoyeyuka polepole, wengi huivumilia zaidi, kaulizie. Usiiache kimyakimya kama mimi na mashine yangu.

Nesi Mstaafu

Mlinzi, hiyo ndogo inaitwaje?

Mlinzi wa Zamu

Glibenklamidi. Kuna usiku mmoja wiki jana, saa tisa hivi, nilitetemeka mikono, jasho likanitoka na baridi ile, mwenzangu akadhani nimeona jini. Nikajilaza kwenye kiti likapita.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, hilo halikuwa jini. Sukari ilishuka, na ungeweza usiamke kwenye kiti hicho.

Metformini ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi inaweza, kwa sababu inalikamua kongosho litoe insulini hata kama hujala. Ukila jioni, ukameza, ukakesha hadi alfajiri bila kitu, umeitega mwenyewe. Jasho, kutetemeka, njaa kali ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa: pima. Ikiwa chini ya 4.0, au huna mashine na dalili ndizo hizo, chukua sukari ya haraka kama gramu 15. Hiyo ni vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi. Chokoleti hapana, mafuta yake yanachelewesha. Subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia. Ikipanda, kula chakula. Mwenzako wa zamu aelezwe, na ajue kwamba mtu aliyezimia hanyweshwi kitu mdomoni, anakimbizwa hospitali.

Kuhusu asubuhi yako, daktari aliandika ratiba ya mtu anayelala usiku. Nenda kesho na ratiba yako ya zamu mkononi, umwambie na hilo la saa tisa. Huenda akabadilisha dawa yenyewe, zipo zisizoshusha namna hiyo.

Mlinzi wa Zamu

Nimekuelewa mama. Nitakwenda nikitoka zamu, kabla sijalala.

Soksi Nyeupe

Mtu akiniuliza kwa nini najiita hivi namweleza, leo nawaeleza wote.

Nilikuwa na kisukari miaka mingi na miguu nilikuwa naiona kama miguu tu. Ganzi ilikuwepo, hasa usiku, nikasema ni uchovu. Siku moja nimetoka asubuhi, nimefanya kazi kutwa, nimepanda na kushuka ngazi, nimesimama foleni. Jioni navua kiatu, soksi inagoma kutoka. Ilikuwa nyeusi, kwa hiyo sikuona kitu, nikaivuta. Ikatoka na ngozi. Ndani ya kiatu kulikuwa na msumari mdogo wa soli uliochomoza, urefu wa punje ya mchele. Nimeutembelea kutwa nzima. Sikuhisi chochote.

Kidonda kile kilinichukua miezi mitano. Mguu ninao, na kidole kimoja sina.

Ndiyo maana soksi zangu zote ni nyeupe. Damu inaonekana. Kabla ya kuvaa kiatu naingiza mkono ndani napapasa hadi kwenye ncha. Usiku naketi na kioo kidogo natazama nyayo na katikati ya vidole. Mafuta napaka mguu mzima isipokuwa katikati ya vidole, pale panatakiwa pakavu. Maji ya moto napima kwa kiwiko. Peku sitembei hata ndani. Na kliniki nadai kile kipimo cha uzi wa nailoni, wanakugusa nao unyayoni umefumba macho, unasema umehisi au hujahisi. Ni dakika mbili na hakiumi. Miaka yote ile hakuna aliyenivua viatu, na mimi sikuwahi kujivua mwenyewe.

Fundi Saa (mleta uzi)

Mkuu, nimesoma nikaenda kuvua viatu.

Nimejificha Leo

Nina akaunti nyingine humu, mtanisamehe. Nina miaka miwili na ugonjwa huu. Mambo ya chumbani yamelala. Mke wangu anadhani nina mtu nje. Kuna vidonge watu wananunua mitaani, nimeshavishika mkononi. Je, vina shida?

Nesi Mstaafu

Usijifiche, baba. Wodini swali hili niliulizwa kwa kunong'onezwa kila wiki.

Sukari ikikaa juu huumiza mishipa midogo ya damu na neva, na kazi hiyo inavitaka vyote viwili. Ni jambo la kawaida sana kwa wanaume wenye kisukari. Tena kaseme kwa daktari kwa sababu nyingine pia: wakati mwingine mishipa ya huko hutangulia kuonyesha tatizo ambalo mishipa ya moyo itakuja kulionyesha baadaye. Atakupima presha, mafuta kwenye damu, pengine homoni, na atazitazama dawa zako nyingine.

Vidonge vya mitaani hapana. Dawa halali za tatizo hilo zipo na zinasaidia wengi, lakini ukizichanganya na dawa za moyo za jamii ya nitrati presha inaweza kuporomoka ukafa. Na mke wako mwambie leo, kabla hajaendelea kumtafuta huyo mtu wa nje asiyekuwepo.

Nimejificha Leo

Nimemwambia. Alilia, halafu akanipiga kibao cha bega. Kliniki tutakwenda wote.

Mama Mapacha

Hongera kaka. Hicho kibao cha bega nakijua.

Wiki ya Pili

Shikamooni. Nina siku tisa tangu niambiwe. Nasoma huu uzi usiku, nikifika nusu nazima simu. Mnasema 7, mnasema 9, mashine yangu leo imesoma 148. Mia moja arobaini na nane! Nimepagawa. Mama yangu alikuwa nao na aliishia vibaya. Nianzie wapi jamani?

Fundi Saa (mleta uzi)

Marahaba dada, pumua kwanza. Mashine yako inasoma kwa miligramu, zetu kwa milimoli. Gawanya kwa 18. Hiyo 148 ni 8.2. Hujatupita, uko nasi humuhumu.

Kabla ya kupima osha mikono kwa sabuni na ukaushe. Siku moja nilimenya chungwa la mtoto, mimi sijaonja hata, nikapima: 14.9. Nikanawa, nikatoboa kidole kingine: 7.8. Ilikuwa sukari ya ganda la chungwa. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, katikati panauma zaidi. Kopo la stripu lifungwe kila ukitoa moja, unyevu unaziharibu.

Halafu usianzie popote kwa wiki hii zaidi ya dawa na mlo mmoja. Mmoja tu. Upime jozi.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, na mimi niongeze kidogo. Kisukari aina hii mara nyingi hukaa mwilini miaka kabla ya kuonekana, kwa hiyo mengine hayasubiri. Omba kupimwa retina sasa, wanakutia matone ya kupanua mboni, halafu kwa kawaida kila mwaka. Mkojo uangaliwe protini. Presha, mafuta, miguu. Haya ndiyo ambayo wakati wa mama zetu mara nyingi hayakupimwa hadi pameshaharibika. Ugonjwa wa mama yako ni huohuo, ila wewe umeukuta mapema na una vifaa ambavyo yeye hakuwa navyo.

Na ukija kuambiwa huko mbele uongezewe dawa, au uanze insulini, usilie kwamba umefeli. Kongosho huchoka kadiri miaka inavyokwenda hata kwa mtu mtiifu. Nimeona watu wakikimbia sindano miaka mitatu, wakaja kuianza wamebebwa.

Soksi Nyeupe

Na kanunue soksi nyeupe.

Wiki ya Pili (siku nne baadaye)

Nimerudi. Macho nimepangiwa tarehe, mkojo nimepeleka.

Jozi ya kwanza nimepima leo mchana: 146 kabla, 238 baada. Nikanawa tena nikarudia kwa kidole kingine nikidhani ni sabuni, ikaja 235. Kalamu nilikuwa nimeshaishika na nikataka kuandika 180. Kweli kabisa, mkono ulikuwa unaenda. Nikamkumbuka mtu wa kwenye benchi.

Nimeandika 238.

Fundi Saa (mleta uzi)

Ulikula nini, na ulianza na nini?

Wiki ya Pili

Wali, maharage, mboga. Nilianza na wali kwa sababu nilikuwa na njaa. Mboga nikabakiza nusu.

Fundi Saa (mleta uzi)

Basi kesho sahani ileile, saa ileile. Badilisha mpangilio tu. Usitembee kwanza, hilo ni la keshokutwa, tusije tukashindwa kujua kilichosaidia ni kipi.

Wiki ya Pili

Sawa kaka. Mboga kwanza. Na kalamu ninayo moja tu.